The Blair Witch Project: tafadhali msiitazame iliyotafsiriwa

Huku Mafinga muvi nyingi zinatufikia kwenye flash, na nyingi ni zile zilizotafsiriwa, mtafsiri akisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi. Sina ugomvi nazo. Muvi ya ngumi bila mtafsiri kwangu haina ladha. Lakini hii ya mwaka 1999 niliitazama kwanza ikiwa imetafsiriwa, nikaiona ya kawaida tu, halafu baadaye nikapata ile ya asili. Ni muvi mbili tofauti kabisa.

Kisa ni kifupi. Vijana watatu wanaosomea filamu, Heather, Josh na Mike, wanaingia msituni Maryland, Marekani, Oktoba 1994, kutengeneza makala ya video kuhusu mchawi anayesimuliwa na watu wa Burkittsville. Wanapotea. Tunachokiona ni mikanda yao, iliyookotwa mwaka mmoja baadaye. Jini halionekani, damu ni kidogo mno, wala hakuna ule muziki wa kukuandaa kwamba sasa shtuka.

Kazi yote inafanywa na sauti. Wamelala kwenye hema, skrini ni nyeusi tii, na huko mbali kijiti kinavunjika. Kimya. Kinavunjika kingine. Mtu ananong'ona, "umesikia?" Usiku mwingine zinasikika sauti za watoto, katikati ya pori! Sasa hapohapo kwenye kimya ndipo mtafsiri wangu alipochomekea utani wa mama mkwe, kisha akatangaza kwamba mchawi yuko nyuma ya mti. Hakuna mchawi nyuma ya mti, ndugu zangu. Hata waliotengeneza hawakumwonyesha, yeye kamtoa wapi?

Aliyekulia jirani na Shamba la Miti Sao Hill hahitaji kuelezwa hofu ya kupotea kwenye miti. Ukungu wa Julai ukishashuka kwenye mipaini, mbele na nyuma ni safu zilezile, na upepo ukipita juu unaweza kuapa kuna mtu anatembea. Msitu wa kwenye muvi si wa kupandwa kama wetu, ila kuna sehemu ilinikamata vibaya. Wanafuata dira kuelekea kusini kutwa nzima, miguu imekwisha, na jioni wanatokea kwenye gogo lilelile la kuvukia mto. Heather analitazama lile gogo na hataki kukubali. Nilisimamisha muvi nikaenda kuhakikisha mlango una komeo.

Uchovu ule si wa kuigiza sana. Waongozaji, Daniel Myrick na Eduardo Sánchez, waliwapa waigizaji kamera wajirekodi wenyewe, upigaji picha ukachukua kama siku 8. Maelekezo yalikuwa yanaachwa msituni kwenye vikopo vidogo, kila mtu na karatasi yake asiyoruhusiwa kumwonyesha mwenzake. Chakula kilipunguzwa siku hadi siku, na usiku waongozaji walikuja kutikisa hema. Gharama ya awali ya kuipiga inatajwa kuwa haikuzidi dola 60,000, ikaja kuingiza karibu dola milioni 248. Wenzetu wa Bongo Movie wanaoanza na mzimu aliyepakwa unga dakika ya tatu na radi juu yake, hapa kuna cha kuchukua bila kuongeza hata shilingi. (Waigizaji wenyewe hawakufaidi kivile, mwaka 2024 wote watatu walijitokeza hadharani kudai walipwe zaidi.)

Sasa mabaya yake. Kamera inatikisika mpaka kichwa kinauma, ukiwa na tabia ya kutapika basi likipita kona za mlima Kitonga kaa mbali na skrini. Katikati wanagombana mno. Ugomvi wa ramani ni sawa, maana Mike aliipiga teke ikaingia mtoni, na mimi mwenyewe ningempiga. Lakini wanapiga kelele zilezile mara nyingi hadi hofu inapoa. Halafu swali halikuachi: mtu mwenye woga kiasi kile bado kamera kaishika ya nini? Josh anagusia hilo, ila jibu lake halikunitosha.

Tena ilipotoka watu wengi waliamini ni kweli, kwa sababu matangazo yalidai vijana wamepotea, hadi tovuti ikatengenezwa. Sisi tunaoitazama leo utamu huo hatunao.

Mwisho wake ni wa ghafla, na wengi husema "ndiyo imeisha?" Dawa ni kusikiliza vizuri wanakijiji wanaohojiwa mwanzoni, hasa stori ya mzee aliyeua watoto. Ukiisinzia hiyo, picha ya mwisho haitakuambia kitu. Na usihangaike na ile ya mwendelezo ya 2016. Hela imeongezeka, wakaanza kuonyesha vitu, mimi nikala mahindi yangu ya kuchoma kwa raha hadi mwisho.