Mkrismasi au Mjakaranda: Ununue Upi kwa Uwanja wa Nyumba Yako?

Kabla hujatoa hela kitaluni, jua kwanza mahali unapoishi pako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Wengi huanza na rangi ya ua, nyekundu ya mkrismasi au zambarau ya mjakaranda, kisha wanasubiri miaka kumi mti usiotoa maua. Rangi ije baadaye.

Mkrismasi, ambao wengine huuita mkakaya, asili yake ni misitu mikavu ya magharibi mwa Madagaska. Mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, kaskazini magharibi mwa Argentina na kusini mwa Bolivia. Yote miwili ni migeni kwetu, yote hupukutisha majani kiangazi, na yote imezoeleka kiasi kwamba watu huidhani ya hapahapa. Lakini haitaki hali ya hewa moja. Mkrismasi hupenda joto la mwaka mzima na huvumilia ukame. Baridi kali huudumaza, na sehemu za baridi ya kugandisha hufa kabisa. Mjakaranda unahitaji majira ya ubaridi na ukavu ndipo uchanue vizuri. Ndiyo maana Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, hugeuka zambarau kati ya Septemba na Novemba, na Arusha, kwenye mita 1,400 hivi, vivyo hivyo. Chukua mche uleule ukaupande Tanga au Mombasa: utapata majani tele na maua ya kuhesabu.

Kwa hiyo orodha yangu inafuata mahali.

Pwani na kwingine kwenye joto: mkrismasi wa kwanza, bila kusita

Dar es Salaam, Tanga, Bagamoyo, Mombasa, Malindi, Zanzibar, hadi Morogoro: nunua mkrismasi. Utakaa bila majani miezi ya kiangazi, makaka yake marefu meusi yakining'inia na kugongana upepo ukivuma, halafu kuanzia Novemba unawaka wote. Okota ua moja lililoanguka ulitazame: petali nne ni nyekundu tupu, ya tano imesimama peke yake ikiwa nyeupe au ya njano yenye madoa mekundu. Watu wengi wamepita chini ya mti huu maisha yao yote bila kuliona hilo.

Kivuli chake ndicho sababu kubwa ya kuununua. Mti hutanuka kwenda pembeni kuliko unavyokwenda juu. Uliokomaa unaweza kuwa na urefu wa mita 10 hadi 12 na upana unaozidi hapo. Mkeka, viti na meza ya kahawa vyote vinaenea chini yake.

Sasa gharama yake, na hapa nasema kwa uzito kwa sababu wauzaji hawalisemi. Mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu na hunenepa. Huinua vigae vya uwanjani, hupasua zege jembamba, huingia kwenye ukuta wa uzio uliojengwa kwa msingi wa haraka, na huyafuata maji ya karo. Upande mita 10 kutoka kwenye nyumba na karo kama nafasi ipo, na usikubali kushuka chini ya mita 8. Usitegemee bustani ya maua wala majani mazuri ya ukoka chini yake, kwani mizizi na kivuli vitayashinda. Matawi nayo hukatika kirahisi kwenye upepo mkali, hivyo usiyaache yaelekee juu ya gari, paa la bati au nyaya za umeme.

Kama uwanja wako hauna nafasi hiyo, usinunue mkrismasi. Utaukata ukiwa na miaka minane, wakati ndiyo kwanza umeanza kuwa mzuri, na kumlipa mtu wa msumeno ni hela nyingi kuliko ulizonunulia mche.

Nyanda za juu: mjakaranda

Nairobi, Nakuru, Arusha, Iringa na kwingineko kunakofanana, mjakaranda ndio wa kwanza. Mkrismasi huota huko pia, ila hukua kwa kujivuta na maua yake hayana ule wingi wa pwani.

Mjakaranda huenda juu zaidi, mita 15 na kuendelea ukipewa nafasi, na kivuli chake ni chepesi, jua hupenya. Mtu anayetaka kupanda maua mengine chini, au anayeishi kwenye baridi na hataki nyumba iwe na giza, atafurahia hilo. Mizizi yake ina adabu zaidi kuliko ya mkrismasi, lakini huu bado ni mti mkubwa: mita 6 kutoka kwenye ukuta ndiyo kiasi cha chini.

Usumbufu wake uko juu, si chini. Maua yakianguka hutandaza zulia la zambarau ambalo kila mtu hulipiga picha, kisha mvua ikinyesha zulia hilo linateleza vibaya kwenye ngazi na njia ya vigae. Vipande vya majani ni vidogo mno, huingia kwenye mabomba ya kukingia maji ya mvua na kuyaziba. Anayekinga maji ya paa kwenda kwenye tangi aweke mti huu mbali na paa, au akubali kufagia kila siku katika msimu huo. Nyuki huyapenda maua yake sana. Kwa mwenye mizinga hiyo ni faida, kwa mwenye mtoto anayedhurika akiumwa na nyuki ni jambo la kufikiria.

Jambo jingine: mjakaranda hujiotea wenyewe kwa mbegu zenye mbawa zinazopeperushwa na upepo. Pretoria inajulikana duniani kwa mijakaranda yake, na bado Afrika Kusini imeuweka kwenye orodha ya mimea vamizi na kuzuia upandaji mpya katika baadhi ya majimbo. Ukiwa karibu na msitu wa asili au kingo za mto, ng'oa miche inayojiotea.

Katikati ya hapo

Dodoma na Mwanza, kwenye mita 1,100 na kitu, miti yote miwili hukua. Mimi Dodoma ningechukua mkrismasi kwa sababu ya ukame na hitaji la kivuli. Mwanza ningeangalia ukubwa wa uwanja, na kwa kiwanja chenye mawe ningechukua mjakaranda.

Kwa kiwanja kidogo, mita 20 kwa 20 na nyumba ishajaa katikati, nakushauri uiache yote miwili. Chukua mfranjipani. Nao hupukutisha majani, hubaki mfupi, mizizi yake haisumbui ukuta, na harufu yake jioni hakuna kati ya hiyo miwili inayoifikia. Huhitaji hata kununua mche: omba tawi kwa jirani, liache kivulini wiki moja kidonda kikauke, kisha lichomeke ardhini. Utomvu wake mweupe huwasha, kwa hiyo osha mikono. Na anayetaka kivuli cha mwaka mzima, hasa mwezi wa tisa na wa kumi jua likiwa kali, hakuna kati ya hii itakayomfaa, kwa kuwa huo ndio wakati inapokuwa mitupu. Apande mwembe au mwarobaini.

Kitaluni: hakikisha unauziwa mti wenyewe

Ukiomba "mti wa Krismasi" unaweza kupewa mvinje au mti mwingine wa kupambwa sikukuu. Sema unataka ule wa maua mekundu. Hata hapo uwe macho, kwa sababu miche hii ikiwa na urefu wa goti hufanana, na mlusina wa kulishia mbuzi hufanana nayo pia. Yote ina majani yaliyogawanyika vipande vidogo vidogo.

Inama ulitazame shina. Kwenye mjakaranda majani hutoka mawili mawili yakikabiliana. Vipande vyake vimechongoka, na kile cha mwisho kwenye ncha ni kirefu kuliko wenzake. Kwenye mkrismasi majani hutoka moja moja kwa kupishana, vipande vina ncha ya mviringo na huishia viwili viwili. Kisha angalia pale jani linapoungana na shina: mkrismasi mchanga una vijani viwili vidogo vilivyochanika kama kitana. Mlusina hauna hivyo. Wenyewe una kijipele kwenye kikonyo cha jani.

Usilipe zaidi kwa mche wa mkrismasi unaoitwa wa maua ya njano. Aina hiyo ipo kweli, ila kwenye mche huwezi kuitofautisha, na mbegu haina ahadi. Lipa ziada kama umeuona mti mama, basi.

Ukubwa nao unadanganya. Mche wa mita mbili uliokaa muda mrefu kwenye kiriba, yaani mfuko wa kukuzia miche, unauzwa ghali, lakini mizizi yake imeshajizungusha, na hubaki hivyo hata ardhini. Chukua wa nusu mita hadi mita moja, shina moja lililonyooka, ncha ya juu haijakatwa. Inua kiriba: mzizi mnene ukiwa umetoboa chini na kuingia ardhini, mche huo usiuchukue. Mjakaranda uliokatwa ncha hutoa machipukizi yaliyosimama wima na umbo lake halirudi.

Asiye na haraka aanzie na mbegu, maana gharama ni karibu na bure. Za mkrismasi ni ngumu. Zimwagie maji ya moto, zilale humo usiku kucha, panda zilizovimba. Za mjakaranda hazihitaji moto, loweka siku moja na uzifunike kwa udongo kidogo tu. Mkrismasi unaweza kuchanua baada ya miaka mitano au zaidi. Mjakaranda wa mbegu mara nyingi huchukua miaka saba hadi kumi na minne.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya samadi iliyooza, na upande mvua za masika zinapoanza. Kagua mchwa kila wiki. Weka matandazo yasiyogusa shina, mwagilia kiangazi cha kwanza na cha pili, ndoo moja mara mbili kwa wiki. Mkrismasi ukiwa mchanga, pogoa matawi ya chini mapema na ubakize shina moja, kwa sababu ukisubiri mpaka tawi linenepe, kidonda chake huoza.