Tovuti ya hati za kale za ardhi Marekani: hazina ya bure, ila ina mipaka

Anayetafuta hati ya kwanza ya shamba la Ohio, Kansas au Oregon aanzie glorecords.blm.gov. Ni bure, haidai usajili, na ina hati zaidi ya milioni 5 tangu 1788. Mwendeshaji ni Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, iliyorithi majalada ya General Land Office, ofisi ya ardhi iliyoitangulia, mwaka 1946.

Chagua jimbo, andika jina la ukoo, basi. Ukijaza visanduku vyote utaambulia patupu, maana makarani waliandika majina walivyoyasikia. Penye herufi zenye shaka weka %.

Wengi hukwama kwenye maelezo ya eneo. Upimaji ulioanza 1785 ukingoni mwa mto Ohio uliikata nchi kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mmoja ukiwa na sehemu 36 za ekari 640. "NW¼ SE¼" husomwa kutoka nyuma: shika robo ya kusini-mashariki ya sehemu, kisha ndani yake robo ya kaskazini-magharibi. Hizo ni ekari 40. Ukikuta "Lot 3", yaani kipande chenye namba kisichotimia robo kamili, cha ekari 37 na ushei, si kosa la karani. Mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana kuelekea ncha ya dunia, na minyororo ya futi 66 ililegea kwa kutumika. Pungufu na ziada zote zilisukumiwa kingo za kaskazini na magharibi za mraba.

Kilicho bora kuliko hati zenyewe ni ramani za upimaji na madaftari ya wapimaji, pale yalipowekwa: mti upi ulitiwa alama, unene wake, umbali wake kutoka kwenye kona. Baadhi ya ramani zinaonyesha hata njia na vijiji vya wenyeji walionyang'anywa nchi hiyo.

Texas usiitafute, ilibaki na ardhi yake ilipojiunga 1845. Makoloni 13 ya mwanzo nayo hayamo. Hati huonyesha serikali ikimkabidhi mmiliki wa kwanza tu, mauzo yaliyofuata yako kwenye ofisi ya kaunti. Aliyeomba ekari 160 chini ya Homestead Act, sheria ya 1862 ya kuwagawia walowezi ardhi ya serikali, akashindwa kutimiza masharti yake hana hati humu. Jalada lake litafute National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa. Na sahihi ya rais isikudanganye: tangu 1833 ilitiwa na katibu.

Kwa utafiti PDF inatosha. Kwa kesi, omba nakala iliyothibitishwa.