Machapisho ya kampeni Lubumbashi: mgombea asiye na mfuko mnene aweke wapi pesa yake

Anayeutaka umeya wa Lubumbashi, Kongo (DRC), bila chama kikubwa nyuma yake hukimbilia kuagiza bango la mita 4 kwa 3 lenye uso wake, litundikwe katikati ya mji. Duka litalichapisha kwa furaha, na muuzaji ataanza kumwita "Honorable" kabla hajatoa hata avansi. Ni pesa iliyopotea bure. Meya hapa hachaguliwi na raia moja kwa moja. Kwa mujibu wa sheria, raia wanachagua washauri wa komini (wilaya ndogo za ndani ya mji), hao wanachagua washauri wa mji, na washauri wa mji ndio wanaopiga kura ya meya. Raia wa mji huu walipiga kura ya washauri wa komini tarehe 20 Desemba 2023, siku moja na ile ya Rais. Kwa hiyo mlango wa kuingilia ni Katuba, au Kenya, au Ruashi, komini moja tu, na machapisho yote yapimwe kwa ukubwa wa komini hiyo.

Jambo la pili ambalo maduka hayakuambii: kinachouzika ni namba aliyopewa mgombea kwenye orodha ya kura. Mwaka 2023 mpiga kura alisimama mbele ya mashine yenye skrini, akamtafuta mtu wake kwa namba na picha. Mgombea asiyejulikana akikumbukwa jina lakini namba ikasahaulika, kura imepotea. Namba ichukue theluthi moja ya karatasi, jina lifuate, uso uje mwisho, na picha iwe ileile iliyopelekwa CENI, tume ya uchaguzi. Usichapishe chochote kikubwa kabla orodha ya mwisho haijatoka na namba. Anayegombea ngazi mbili asichanganye namba mbili kwenye karatasi moja. Watu wataibonyeza ile isiyo ya ngazi hiyo.

Sasa turubai, ile plastiki ya kuchapia mabango. Hapa ndipo maduka yanapotofautiana kweli. Wote wanakutajia bei kwa mita ya mraba, lakini hawakutajii uzito. Uliza. La gramu 440 kwa mita ya mraba linavumilia msimu mzima. La gramu 280 linapitisha mwanga kwa nyuma, na upepo wa mvua ya Desemba unalichana kwenye pembe. Shika ukingo wake kwa vidole: ukiwa umekunjwa na kuunganishwa kwa moto, sawa, ukiwa umekatwa tu kwa mkasi, pete za chuma zitang'oka. Pete ziwe kila sentimita 50, si nne za pembeni peke yake. Na usilifunge kwa waya. Funga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vinavyonyooka upepo ukija kisha vinarudi. Wino uwe wa solventi, yaani wa kemikali usioyeyuka kwa maji. Wino wa maji wa kawaida hautakiwi nje, kwa sababu mvua ya kwanza itaushusha mpaka chini ya kola ya mgombea pichani.

Kuhusu ukubwa wa herufi, mafundi wa mabango wana kipimo chao: sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Abiria wa taksibisi kwenye Chaussée de Kasenga anayesoma akiwa mita 30 anahitaji namba ya sentimita 25. Sentensi ndefu kuhusu maji, umeme na ushuru wa mama wauzaji sokoni haisomeki hapo hata kidogo. Hiyo ipeleke kwenye vikaratasi.

Vikaratasi ndivyo vyenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndivyo maduka yanavidharau maana faida yake ni ndogo. Rimu moja ya A4, karatasi 500, ukikata kila moja vipande vinne unapata vikaratasi 2,000 vya A6. Chapisha kwa leza au risografu (mashine ya kunakili nakala nyingi), rangi moja nyeusi, upande mmoja namba, upande wa pili mambo matatu tu utakayopigania. Printa ndogo ya wino wa maji ina bei ya kuvutia, lakini mkono wenye jasho unatosha kuifuta namba. Kataa pia kukatiwa kwa mkasi. Duka lisilo na mashine ya kukata litakupa vipande vya mshazari na litakula siku nzima.

Tishati ni mtego. Serigrafi, yaani kuchapa kwa kupitisha wino kwenye wavu wa fremu, ni nzuri ukiagiza nyingi, lakini kila rangi inahitaji fremu yake, kwa hiyo rangi tatu ni gharama ya fremu tatu. Baki na moja. Ivute chapa kwa mikono miwili: ikipasuka, wino haukupata joto la kutosha, na haitamaliza ufuaji wa pili. Sublimesheni, yaani kuhamisha wino kwenye kitambaa kwa joto, ni kwa poliesta nyeupe au ya rangi hafifu tu. Anayekuahidi kuifanya kwenye pamba anakudanganya.

Wapo watakaoleta kwenye simu picha za mabango ya Zohran Mamdani, yule mzaliwa wa Kampala aliyeshinda umeya wa New York Novemba 2025, waombe "kama hili". Si wazo baya. Rangi zake ni chache na bapa, bluu na njano iliyokolea, herufi nene zenye kivuli chekundu, kwa mfano wa vibao vya maduka ya mitaani kule. Mtindo huo unakubali serigrafi, na unakubali zaidi brashi ya mchoraji wa vibao. Mji huu haujakosa mikono hiyo. Kitambaa cha mita 3 kilichochorwa kwa rangi ya mafuta hakingoji umeme, na kinasimama mvuani vizuri kuliko turubai jepesi. Ila mpe namba imeandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye karatasi, usimtajie kwa simu.

Faili ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida imebanwa. Itume kama dokumenti, au peleka kwenye fleshi. Mwambie fundi ageuze rangi kuwa za uchapaji mbele yako, kwa sababu bluu ing'aayo kwenye skrini hutoka zambarau kwenye turubai. Uliza pia kama wana jenereta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikirudi inaacha mstari mweupe unaokata bango, na baadhi yao watajaribu kukuuzia hivyo hivyo.

Lipa nusu, usizidishe. Kabla ya nusu hiyo kutoka mkononi, dai kipande cha majaribio cha A4 kwa nyenzo ileile, msaini nyuma yake wewe na fundi, ukitunze. Bila hicho, siku ya kuchukua mzigo utaambiwa zambarau ndiyo rangi uliyoleta.