Hazina ya data ya ENCODE: bure kweli, ila chuja kabla ya kupakua

Kwenye encodeproject.org hulipi kitu, wala huhitaji kujisajili ili kupakua. Mradi huu ulianzishwa mwaka 2003 na NHGRI, taasisi ya utafiti wa jenomu ya Marekani, kutafuta vipande vya DNA vyenye kazi: jeni zenyewe na swichi zinazoziwasha na kuzizima. Kwa anayetafuta swichi, hapa ndipo pa kuanzia.

Wengi hukosea kwa kupakua kabla ya kuchuja. Zitashuka fastq ghafi (usomaji wa DNA ambao haujachakatwa) za kumaliza bando, na faili zilizopangwa kwa jenomu-rejea mbili (ramani za DNA ya binadamu za kulinganishia), hg19 ya zamani na GRCh38 iliyoifuata. Ukizichanganya, swichi moja itahesabiwa mahali pawili na programu haitakuonya. Weka majaribio kwenye kikapu cha tovuti, kisha humo chagua GRCh38, halafu bed narrowPeak, yaani faili za orodha ya vilele, mahali ishara ilipopanda kwenye DNA. Kwa ChIP-seq (jaribio la kuona protini imeshika DNA wapi) ya protini zinazoongoza jeni, chukua "IDR thresholded peaks", vilele vilivyojirudia kwa uthabiti jaribio lilipofanywa upya. Utapewa files.txt, orodha ya viungo vya faili, ambayo mstari wake wa kwanza huleta metadata.tsv, jedwali la maelezo ya kila faili. Amri ya kupakua, kwenye terminal, ni hii:

xargs -L 1 curl -O -J -L < files.txt

Mtandao ukikatika, faili hubaki nusu huku jina lake likiwa zima. Linganisha md5sum ya faili (namba ya kuthibitisha kuwa imefika nzima) na iliyoandikwa kwenye metadata.tsv. Na bed huanza kuhesabu 0, si 1. Ukisahau, kila nafasi itapishana kwa herufi moja ya DNA.

Sifa kubwa ya hazina hii ni alama za ukaguzi, kwa sababu wenyewe wanakuonyesha kasoro za data yao. Njano isikutishe, isome tu. Chungwa ina uzito zaidi: mara nyingi usomaji ni haba, ilhali kiwango chao kwa ChIP-seq hiyo ni vipande milioni 20 kwa kila rudio. Nyekundu iache.

Udhaifu uko kwenye seli. Data nyingi ni za K562, seli za saratani ya damu ambazo kromosomu zake zimevurugika; kilele kirefu huenda ni wingi wa nakala tu, kwa hiyo kilinganishe na kidhibiti chake, yaani sampuli ya kulinganishia. Seli za GM12878 nazo ni za mwanamke wa Utah mwenye asili ya Ulaya. Anayechunguza tofauti za DNA za watu wa Afrika Mashariki asidhani zote zimo humo.

Kwa jeni moja tu, tumia SCREEN, tovuti ya ENCODE ya kutafutia swichi: andika jina la jeni, ikuonyeshe swichi zilizo jirani. Orodha yake ya mwaka 2020 ina swichi 926,535, takriban asilimia 7.9 ya jenomu.