Baiskeli na hema za kukodi, Lushoto hadi Mtae: kambi safi, baiskeli bado

Kwa mnaofikiria kwenda Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kukodi baiskeli na vifaa vya kambi halafu mkatize vijijini hadi Mtae, someni hii kabla hamjatuma advansi. Jina la jamaa walionikodishia silitaji, nimeshawaambia wenyewe uso kwa uso na wakanisikiliza, na pale Lushoto wanaokodisha wako zaidi ya mmoja, haya yanaweza kukukuta kwa yeyote. Kambi nawapa nyota tano kwa tano. Baiskeli nawapa nyota mbili, na hiyo ya pili nimewaongezea kwa sababu ya gia. Yaani hawa ni watu wa kambi waliojiongeza wakaweka na baiskeli, ukilijua hilo mapema mtaelewana vizuri tu.

Bei: baiskeli 35,000 kwa siku, hema na godoro na slipingi begi na jiko dogo la gesi na sufuria 25,000, dipoziti 100,000 ambayo unarudishiwa. Ukiongeza kijana wa kukuongoza ni hela nyingine, mi sikumchukua kwa sababu barabara ya Mtae ni moja na ukipotea unauliza. Wanakwambia "kila kitu kimo, bro, wewe njoo na nguo zako tu." Sawa.

Baiskeli yenyewe ni ya milimani, fremu ya aluminiamu, tairi nene za inchi 26, gia tatu mbele saba nyuma. Watu wataona 26 ni za kizamani, siku hizi mjini kila mtu anataka 29, ila kwa njia hii 26 ndo yenyewe maana duka la kijijini lenye kuuza tyubu litakuwa na za 28 za zile baiskeli za Foniksi na za 26, hiyo 29 yako utaitafuta mpaka Tanga. Gia nazo zilikuwa zimerekebishwa, ukibonyeza inaingia, na ile nyepesi kabisa kweli ni nyepesi. Utaihitaji ndani ya dakika kumi za kwanza. Lushoto mjini uko kama mita 1,400 juu ya bahari na ukitoka kuelekea Magamba kilima kinakupokea hapo hapo, hakuna kupasha misuli. Nimepishana na vijana wa kule wanasukuma Foniksi zina magunia, wameshuka wanatembea pembeni wanapiga stori, mi na gia zangu 21 nahema kama mbuzi wa kafara na spidi tunalingana. Mmoja kaniambia "kaka si ushuke tu," nikashuka.

Msitu wa Magamba pale juu ni baridi hata saa nne asubuhi, miti imefunga juu ya barabara, na mbega wale weusi wenye manyoya meupe unawaona bila kulipia chochote ukitulia. Baada ya hapo ni vijiji na mashamba mpaka unachoka kuangalia, kabichi, karoti, viazi, mapeasi yanauzwa kwenye ndoo kando ya njia. Kama umezoea kuendesha Dar ukibanwa na daladala, huku utadhani barabara ni ya kwako. Ila maroli ya mboga yapo na yakija yanakuja na vumbi lake, kaa pembeni subiri lipite.

Sasa keria. Hii ndo sehemu ya kwanza ya kulalamika. Mzigo wote wameufunga nyuma, hema, begi, sufuria, maji lita tano, umesimama kama mnara, na kwenye mlima mkali tairi la mbele linaanza kunyanyuka na usukani unakuwa hauna kazi. Alafu baada ya mwendo nasikia kitu kinagonga, kuangalia boliti moja ya keria nati yake imeshaenda zake na keria inacheza kushoto kulia. Kwenye kimkoba cha vifaa spana ilikuwepo, nati ya akiba hakuna. Nikatoa ule mpira wa tyubu kuukuu, ule ukanda ambao kila mwenye baiskeli ya mzigo anafungia gunia (wao wanakupa ukanda mmoja, omba mitatu), nikaizungusha keria na fremu pamoja kwa nguvu mpaka ikatulia, alafu nikahamishia slipingi begi na hema mbele juu ya usukani. Baiskeli ikawa nyingine kabisa. Mzigo mzito uwe chini na ugawanywe mbele na nyuma, hili mtu anayekodisha baiskeli za safari hatakiwi kufundishwa na mteja.

Pancha nilipata kabla ya Lukozi, msumari wa kiatu. Pancha ni ya kila mtu, hailaumiwi. Cha kulaumiwa ni kile nilichokuta nilipofungua kimkoba: viraka vipo, solosheni, ile gundi ya viraka, imekauka imekuwa jiwe, na tyubu ya akiba ni ya 29 yenye ile vali nyembamba ya kisasa wakati pampu waliyonipa ni ya vali nene kama ya gari. Kwa hiyo nina tyubu siwezi kuijaza, nina viraka siwezi kuvibandika, nina pampu haina cha kupampu. "Kila kitu kimo" kweli kimo.

Nikasukuma mpaka Lukozi. Lukozi ni senta kubwa ya mboga, siku ya gulio huwezi kukatiza na baiskeli, na fundi hukosi. Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda chini ya kibanda cha mabati, beseni la maji mbele yake, tairi zimetundikwa juu ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umesukuma kutoka wapi?"

Nikamwambia, nikamuonyesha na tyubu ya akiba. Kaigeuza geuza, kaiminya vali kwa kucha, kacheka. "Hii wamekupa ya kutembea nayo tu." Akatoa tairi kwa vishikio viwili vya vijiko, sio zile za plastiki, vijiko vya chakula vilivyofuliwa vikawa bapa, akaipitisha tyubu kwenye beseni polepole mpaka vipovu vikatoka, akaisugua kwa kipande cha bati alichokitoboa toboa kwa msumari, solosheni, akapuliza, akasubiri. Hapa ndo panatofautisha fundi na mwanafunzi, kusubiri. Solosheni ikiwa mbichi kiraka kinatoka kesho yake. Katika kusubiri akapitisha kidole ndani ya tairi zima akatafuta kama kuna kipande cha msumari kimebaki, na kilikuwepo. Elfu moja. Tyubu mpya ya 26 yenye vali nene elfu tano nikanunua nikaweka begini, na nati ya keria kanipa bure baada ya kuuona ule mpira wangu. Huyo mzee nampa nyota tano.

Hapo Lukozi nikala wali maharage na chai ya tangawizi, nendeni na njaa, sahani wanajaza.

Breki sasa, na hili naomba mlisome vizuri hata kama hayo mengine mmeruka. Watu wanadhani Usambara ni kupanda, kumbe kazi iko kwenye kushuka. Baada ya Lukozi barabara inapanda inashuka inapanda inashuka, udongo mwekundu, kokoto ndogo ndogo kwenye kona, na baiskeli ina mzigo. Breki zilikuwa zile za kubana ringi. Nilipozijaribu ofisini kwao kwenye saruji zilishika vizuri, ila pale hakukuwa na mzigo wala mteremko. Huku chini nabana ya mbele inalia inapunguza kidogo alafu inaendelea. Nikasimama, kuangalia pedi, ile mifereji ya kuonyesha kuwa bado mpya imeshafutika kabisa, upande mmoja imebaki raba nyembamba, kidogo tu chuma kianze kusaga ringi. Hii haikuisha siku hiyo, imeisha siku nyingi na imekuwa ikikodishwa hivyo hivyo. Pedi pea moja bei yake ni ya soda chache jamani.

Nilivyofika: nilikaza waya wa breki kwa kile kinati cha kuzungusha kwa mkono pale kwenye mpini, nikashuka kwa kubana kwa zamu, ya nyuma, naachia, ya mbele, naachia, makalio nimeyarudisha nyuma ya siti. Usibane moja kwa moja mteremko mzima, ringi inapata moto na tyubu iko hapo hapo chini yake, na kiraka kipya hakipendi moto. Sehemu mbili nilishuka nikatembea. Aliyenipita ni bodaboda amebeba mama na kuku, akapiga honi ya pole.

Kwa hiyo kabla hujasaini chochote: weka mzigo wote kwenye baiskeli, nenda kwenye mteremko wowote wa karibu (Lushoto haukosi mteremko), shuka nao. Ikikataa kusimama irudishe. Wakikuona unajua wanakubadilishia pedi hapo hapo, mi nimewaona wakimbadilishia mtu siku narudisha.

Tuje kwenye mazuri, maana sitaki muone ni lawama tu. Kabla sijaondoka walinipa karatasi ya njia, imeandikwa kwa mkono imefotokopiwa. Malindi, Lukozi, Manolo, Sunga, Mtae, wapi kuna maji ya bomba, wapi chai, wapi mtandao unakata, wapi njia panda ya kwenda Rangwi usije ukakosea. Njia nzima ni kama kilomita 60 na karatasi haikunidanganya hata mara moja. Na sehemu ya kulala walishapiga simu, mtendaji wa kijiji ana taarifa, mwenye kiwanja ana taarifa. Hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kutundika hema tu porini karibu na kijiji bila kuaga ni kutafuta maswali usiku, na watu wana haki ya kuuliza. Mi nimefika jua linazama, mama mwenye nyumba anatoka, "karibu mgeni, pole na safari, tulikuwa tunakungoja tangu saa kumi," maji ya moto yameshabandikwa. Shikamoo mama, na kulala.

Hema lenyewe ni la tabaka mbili, vigingi vya chuma sio zile waya zinazopinda, na turubai la chini wameliweka bila kuomba. Slipingi begi ilikuwa imefuliwa, inanukia sabuni, waliowahi kukodi hivi vitu wanajua ninachosema. Mtae iko ukingoni kabisa mwa milima, kiwanja kinaishia kwenye bonde na chini huko ni tambarare ya Mkomazi, upepo unapanda kutoka chini usiku kucha, lakini walishapanga hema likae nyuma ya uzio wa miti na halikutikisika. Ilikuwa Julai, baridi ya kuvaa soksi mbili. Acha kidirisha cha juu wazi hata kama unatetemeka, ukifunga kila kitu pumzi yako inageuka matone inakudondokea alfajiri.

Jiko la gesi ni dogo ila linawaka. Ushauri: usibebe maharage makavu wala mchele mgumu. Huku juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kama 94 hivi, kwa hiyo yanachemka haraka unafurahi, alafu chakula hakiivi gesi inaisha. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha, chai. Au mpe mama wa kiwanja hela ya chakula mapema, nilivyofanya mi, nikala ugali na mboga ya majani jikoni kwao na watoto wananihoji mimi ni wa timu gani.

Ile picha kwenye ukurasa wao ya Kilimanjaro ikionekana kutoka Mtae ni ya kweli, wenyeji wanasema kukiwa kweupe asubuhi unauona. Mi niliona ukungu. Siwakati nyota kwa hilo.

Kurudi nilipandisha baiskeli kwenye basi la alfajiri, juu ya keria ya basi. Konda anadai hela ya baiskeli na hii kwenye "kila kitu kimo" haimo, tukapatana elfu tano. Ivulie taa na kimkoba kabla hujampa. Na kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, msiende kabisa, huo udongo mwekundu ukilowa unajaza nafasi yote kati ya tairi na fremu, utabeba baiskeli begani.

Dipoziti: walikata 6,000, eti kiraka na tyubu. Nikawauliza tyubu yenu ya 29 hii hapa, ya 26 ninayowaachia nimenunua mwenyewe na kiraka nimelipa mwenyewe, mnanikata nini? Kijana akaenda ndani, akatoka na mwenye ofisi, dada mmoja mstaarabu sana, akaandika pedi, nati, solosheni, vali kwenye daftari lake, akanirudishia 100,000 yote kwa simu na 6,000 nyingine ya gharama zangu. Mwezi wa kumi na mbili narudi na wenzangu, hema tunachukua kwao, baiskeli tunapakia zetu kutoka Dar.