Miezi miwili nikisikiliza hadithi za binadamu asiyeona mbali: uzoefu wangu

Nilijisajili kwenye programu moja ya vitabu vya sauti kwa ajili ya mkusanyo wake wa hadithi fupi za kubuni za kisayansi, zote zikihusu mada moja: binadamu asiyeona mbali, na yanayompata. Nimezisikiliza kwa miezi miwili, nyingine hadi mara tatu. Nina la kusema kuhusu hadithi zenyewe, na pia kuhusu jinsi programu inavyozitendea.

Iliyonishika zaidi ni The Machine Stops ya E. M. Forster, iliyochapishwa mwaka 1909. Watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, na Mashine inawapa kila kitu: hewa, chakula, muziki, hata maongezi na marafiki ambao hawakutani nao ana kwa ana. Kisha Mashine inaanza kuchoka, kidogo kidogo. Muziki unaingiliwa na mlio kama wa mtu anayeguna. Vashti, mama ambaye tunaifuata hadithi kupitia kwake, analalamika kwa kamati ya ukarabati, anaahidiwa kwamba jambo litashughulikiwa, anasubiri. Halishughulikiwi. Muda unapita, na ule mguno haumkeri tena. Anausikia kama sehemu ya wimbo. Matunda yanaingia ukungu, maji ya kuoga yananuka, nayo yanazoeleka vilevile. Hatimaye kamati inakiri kwamba mtambo wa kukarabati wenyewe unahitaji kukarabatiwa.

Hapo nilisimamisha sauti nikakaa kimya. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi siku zote nilimfikiria mtu aliyeupuuza ufa. Kwa Forster hakuna aliyeupuuza. Wameuona, wameuripoti, wamesubiri kwa adabu, wakauzoea. Kwangu huku ndiko kutoona mbali kunakotisha zaidi, kwa sababu hakuna mpumbavu wala mwovu wa kunyooshewa kidole. Msimulizi ameielewa vizuri hadithi hii: sauti yake haipandi hata mambo yanapoporomoka, inabaki tulivu vilevile, na utulivu huo ndio unaoumiza.

Superiority ya Arthur C. Clarke, ya mwaka 1951, ni fupi na kali. Kamanda aliyeshindwa vita anaeleza, akiwa kifungoni, jinsi upande wake wenye sayansi bora ulivyopigwa na adui mwenye silaha duni. Kila mara walikuwa wakingojea silaha mpya iliyo kamilifu zaidi, huku zile za zamani zikiachwa kutengenezwa. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba asiyeona mbali ni yule anayetazama miguuni pake tu. Hawa walitazama mbali mno, wasimwone aliyekwisha fika mlangoni. Yeyote aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo mfumo mpya unasubiriwa mwaka hadi mwaka, na ule wa zamani umeachwa ufe, atamwelewa kamanda huyu.

Halafu kuna There Will Come Soft Rains ya Ray Bradbury, ya mwaka 1950. Nyumba inayojiendesha inapika kifungua kinywa, inasafisha sakafu, inatangaza tarehe na kukumbusha bili za kulipwa, na hakuna mtu hata mmoja ndani. Familia imebaki vivuli tu kwenye ukuta wa nje uliobabuliwa na bomu la nyuklia: mwanamume akikata majani, mwanamke ameinama kuchuma maua. Bradbury hatuonyeshi waliofanya uamuzi wala sababu zao. Tunapewa matokeo peke yake. Hii nawasihi muisikilize badala ya kuisoma, tena mkiwa na spika za masikioni, kwa kuwa sauti ya nyumba inakuja moja kwa moja sikioni mwako na wewe ndiye mtu pekee inayezungumza naye.

Si zote zenye uzito huo. Zimo kadhaa ambamo mtu mmoja mjinga anabonyeza kitufe na dunia inateketea. Hizo hazikunigusa, ni rahisi mno kumlaumu yule mmoja na kwenda kulala.

Sasa programu yenyewe. Sauti ni safi, kupakua ni haraka, kipima muda cha usingizi kinafanya kazi. Kasoro yake kubwa ni kwamba hadithi ikiisha, nyingine inaanza papo hapo, ikitanguliwa na muziki wa shangwe. Hadithi za aina hii zinaishi kwenye sentensi ya mwisho. Nyumba ya Bradbury imeungua, umebaki ukuta mmoja unaorudia tarehe ya siku hiyo, na kabla hujavuta pumzi unakaribishwa kwenye hadithi nyingine! Ipo sehemu ya kuzima jambo hili kwenye mipangilio, lakini kila programu inaposasishwa linajiwasha tena.

Niliwaandikia. Walinishukuru na kuahidi kulifanyia kazi. Kufikia wiki ya tano nilikuwa sisikii tena kero yoyote muziki ule ulipoingia, hadi niliporudia hadithi ya Forster na kufika pale Vashti anapouzoea mguno. Niliwaandikia tena usiku uleule, safari hii nikieleza kwa kirefu kwa nini ukimya baada ya hadithi ni sehemu ya hadithi. Bado nasubiri jibu.

Naipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja nitaiongeza siku watakapotupa ukimya huo. Ukitaka kujaribu, anza na ya Clarke, kisha ya Bradbury. Ya Forster iwekee siku yenye zaidi ya saa moja ya utulivu, na simu uwe nayo mkononi, ili neno la mwisho likitamkwa uwahi kuizima.