Speedmaster ya zamani au Daytona ya zamani?

Ubishi huu wa wapenda saa za mkono, kati ya Speedmaster ya kampuni ya Omega na Daytona ya Rolex, hauishi, na bei huwa ndiyo inaukata mapema. Daytona za kutia ufunguo, zilizotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1988, hazikuwa zikigombaniwa madukani. Leo ni mali ya matajiri: ile aliyoivaa mwigizaji Paul Newman ilipigwa mnada New York mwaka 2017 kwa zaidi ya dola milioni 17. Speedmaster, iliyoanza 1957, bado mtu wa mshahara anaweza kuiwekea akiba, hasa za miaka ya 1970.

Kwa uimara, Omega ina ushahidi mzito. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilizitesa saa kwa joto, baridi na mtikisiko. Rolex iliyoshindanishwa ikasimama kwenye unyevu, Speedmaster ikapita, na 1965 ikaidhinishwa kwa safari za wanaanga. Mwanaanga Buzz Aldrin akatembea nayo mwezini 1969. Haki isemwe, Rolex hiyo ilikuwa toleo lililoitangulia Daytona.

Matunzo yanakaribiana. Zote hutiwa ufunguo kwa mkono, na kioo chake cha plastiki hukwaruzika upesi ila hung'arishwa kirahisi. Vipuri vya Omega ni nafuu zaidi. Kwenye Daytona, kagua uso wa saa kwa lenzi kabla ya kutoa hata senti; nyuso bandia zimejaa.

Unataka ya kuvaa kazini? Chukua Omega. Unaweka mali, na una fundi unayemwamini? Daytona.